Usianze na Gesi: Mwongozo Kamili wa Kuhudumia Kompresa na Gesi ya Kiyoyozi

Malalamiko huwa ni yale yale. Kiyoyozi kilikuwa hakipoozi, fundi akaja, akajaza gesi, kikapoa wiki chache, sasa kinapuliza hewa ya vuguvugu tena. Au gesi imejazwa leo hii na kompresa (pampu inayosukuma gesi) imeanza kujizima kila baada ya dakika chache. Wengi wanaokwama hapa wana vifaa vyote. Tatizo lao ni kwamba wameanzia mwisho.

Gesi ya kiyoyozi hailiwi na mashine. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, imevuja. Tena kiyoyozi kisichopooza huenda hakijapungukiwa na gesi hata kidogo: koili (mabomba yenye mapezi yanayopitisha joto) iliyoziba vumbi au kapasita (kifaa kinachoisaidia kompresa kuanza) iliyochoka hutoa dalili zile zile. Ndiyo maana hapa gesi imewekwa nyuma kabisa. Fuata mpangilio, kwa sababu ukiruka hatua moja, vipimo vya hatua inayofuata vitakudanganya.

## Nani afanye nini

Hatua ya 1 hadi ya 5 zinamfaa yeyote aliyezoea kushika vifaa vya umeme kwa uangalifu. Kuanzia ya 6 unashughulika na gesi yenye presha kubwa, na katika nchi nyingi kazi hiyo ni ya fundi mwenye cheti. Kama huna cheti, soma hata hivyo. Utajua kama fundi uliyemwita anapima au anabahatisha.

Mashine ya gesi ya R290 iache kwa aliyefunzwa gesi hiyo hasa. R290 ni propani, na inawaka kwa cheche ndogo tu.

## Vifaa vya kuwa navyo

Kwa umeme na usafi:

- multimita inayopima volti, omu na maikrofaradi
- klampu mita ya kupima ampea
- mega ya volti 500 ya kupima insulesheni (kinga inayozuia umeme usivuje)
- rezista ya omu 20,000, wati 5, ya kutolea chaji kwenye kapasita
- brashi laini, sabuni isiyo kali, bomba la maji, na kitana cha kunyooshea mapezi ya koili

Kwa gesi:

- geji za presha zinazokubaliana na gesi iliyomo (geji za gesi ya R22 hazifai kwa R410A wala R32, presha zake ni kubwa mno)
- vipimajoto viwili vya kubana kwenye bomba
- mizani ya gramu
- pampu ya vakyumu (ya kuvutia hewa na unyevu nje), mafuta mapya ya pampu hiyo, na geji ya mikroni ya kupimia vakyumu
- mtungi wa naitrojeni wenye regyuleta
- mashine ya kuvunia gesi na mtungi wake
- spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), alenki, na kifaa cha kupanulia mdomo wa bomba
- chupa ya povu la sabuni

Ukilazimika kuchagua kati ya geji ya bei mbaya na mizani, chukua mizani. Nitaeleza kwa nini kwenye hatua ya 11.

Tahadhari za kazi nzima. Vaa miwani na glavu, maana gesi ikitoka ikiwa majimaji hugandisha ngozi papo hapo. Fungua madirisha: gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kuifukuza oksijeni. R32 inaweza kuwaka, kwa hiyo pasiwe na sigara wala moto karibu. Gesi nyingine zikipita kwenye moto hugeuka moshi wenye sumu, kwa hiyo usichomelee bomba ambalo bado lina gesi. Na usitumie oksijeni kupima mfumo, hata kwa dakika moja. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

## Hatua ya 1: Soma kibao

Ubavuni mwa mashine ya nje kuna kibao. Piga picha. Unahitaji mambo matano: aina ya gesi, uzito wake, volti, ampea za kawaida, na presha ya juu kabisa inayoruhusiwa. Tafuta pia kama kimeandikwa ni inveta (mashine inayobadilisha kasi ya kompresa yenyewe), kwa sababu inveta inapimwa kwa njia yake.

Kama kibao kimefutika, tafuta namba ya modeli kwenye mashine ya ndani. Usikisie gesi kwa kuangalia rangi ya mtungi aliouacha fundi wa mwisho. Huenda alikosea yeye.

## Hatua ya 2: Kata umeme na utoe chaji

Zima kwa rimoti, kisha kata swichi kuu ya kiyoyozi. Fungua kifuniko na upime volti kwenye ncha za kuingilia umeme. Isomeke sifuri.

Kapasita hubaki na chaji baada ya umeme kukatwa. Unganisha rezista kwenye ncha zake kwa sekunde kadhaa, kisha pima volti kuhakikisha. Kugongesha bisibisi kwenye ncha hizo ni mtindo wa kienyeji unaoharibu kapasita na pengine jicho.

Kwenye inveta, bodi ya umeme hubaki na zaidi ya volti 300 za mkondo mnyoofu. Subiri angalau dakika 10, kisha upime kwenye kapasita kubwa za bodi kabla ya kugusa chochote.

## Hatua ya 3: Safisha koili zote mbili

Hapa ndipo kazi nyingi za "gesi imeisha" zinapoishia. Koili ya nje ikiziba, joto halitoki, presha ya upande wa kusukuma inapanda, ampea zinapanda, kompresa inachemka na kujizima. Koili ya ndani au chujio likiziba, koili haipati hewa ya kutosha, presha inashuka na bomba linaganda barafu. Anayeona barafu hiyo huongeza gesi. Sasa mashine ina matatizo mawili.

Funika bodi na nyaya kwa nailoni. Piga brashi vumbi la juu, nyunyiza sabuni, ngoja dakika chache, kisha suuza kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya alumini, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa. Epuka pia dawa zenye asidi, hula alumini.

Zungusha feni kwa mkono. Izunguke kwa wepesi, bila kukwaruza.

Imefaulu ikiwa: ukimulika tochi upande mmoja wa koili, mwanga unapenya upande wa pili karibu kila mahali.

## Hatua ya 4: Pima kompresa kwa umeme

Sikiliza kwanza dalili. Kompresa ikinguruma sekunde chache bila kuanza, kisha ikasikika "tak" na kimya, ovalodi (swichi ya kinga ya kompresa) imekata. Dakika kadhaa baadaye inajaribu tena na kukata tena. Visababishi vya kawaida ni vitatu: kapasita mbovu, volti ndogo, au kompresa iliyokwama. Anza na cha kwanza, ndicho rahisi kuliko vyote.

Kapasita. Chomoa nyaya baada ya kuzipiga picha. Pima maikrofaradi na ulinganishe na kilichoandikwa. Kapasita ya 35 yenye uvumilivu wa asilimia 5 inatakiwa isome kati ya 33.25 na 36.75. Ikisoma 27, badilisha, hata kama haijavimba. Zile zenye ncha tatu huhudumia kompresa na feni kwa pamoja, kwa hiyo pima pande zote mbili.

Nyaya na kontakta (swichi inayoipa kompresa umeme). Tafuta ncha iliyoungua, waya uliolegea, au vidole vya kontakta vilivyochimbika. Waya uliolegea hupunguza volti kwenye kompresa hata kama kwenye swichi volti ni kamili.

Koili za waya ndani ya kompresa. Kompresa ya kawaida ya fezi moja ina ncha tatu: C (ya pamoja), R (ya kuzungusha) na S (ya kuanzisha). Mashine ikiwa imepoa na nyaya zimechomolewa, pima omu kati ya kila jozi. R na S zitoe namba kubwa kuliko zote, na iwe sawa na jumla ya nyingine mbili. Kwa mfano C na R omu 2, C na S omu 4, R na S omu 6.

Kama C haisomi na yeyote lakini R na S zinasoma, ovalodi ya ndani imefunguka kwa joto. Usiitangaze kompresa kuwa imekufa. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi kupoa, basi ngoja upime tena. Kompresa nyingi nzima hutupwa kwa sababu fundi alikuwa na haraka.

Kwenye inveta ncha ni U, V na W, na omu za jozi zote tatu zinatakiwa zilingane.

Insulesheni. Weka mega kati ya kila ncha na bomba la shaba lililokwaruzwa rangi. Ikisoma chini ya megaomu 1, koili ya waya inavujisha umeme kwenye mwili wa kompresa, au mafuta yana unyevu na asidi. Usipime kwa mega kompresa iliyo kwenye vakyumu, cheche zitaruka ndani na kuiunguza.

Onyo: usiwashe kompresa ikiwa kifuniko cha ncha zake kimetolewa. Ncha iliyochoka inaweza kufyatuka, na nyuma yake kuna gesi na mafuta ya moto.

Imefaulu ikiwa: kapasita iko ndani ya kiwango, omu zinajumlika, na mega inasoma juu sana ya megaomu 1.

## Hatua ya 5: Washa, pima bila geji

Rudisha kila kitu, washa kwenye kupooza, feni ya ndani kasi ya juu, rimoti digrii 16. Acha dakika 15. Inveta iweke kwenye hali ya majaribio ya kupooza, la sivyo itapunguza kasi yenyewe na vipimo havitasimama.

Pima volti wakati kompresa inazunguka. Isishuke zaidi ya asilimia 10 chini ya kibao. Pima ampea. Pima joto la hewa inayoingia mashine ya ndani na inayotoka: tofauti ya digrii 8 hadi 12 za Selsiasi ni ya kawaida, ingawa kwenye unyevu mwingi huwa ndogo zaidi.

Shika mabomba. Kwenye viyoyozi vingi vidogo gesi hutanuliwa ndani ya mashine ya nje, kwa hiyo mabomba yote mawili hutakiwa kuwa baridi. Bomba jembamba likiwa na barafu nyeupe huku nene likiwa vuguvugu, hapo dalili ya gesi kupungua ni nzito. Yote mawili yakiwa baridi na nene likitoka jasho, na ampea ziko sawa, ishia hapa. Huna sababu ya kufunga geji, na kila kufunga geji humwaga gesi kidogo.

## Hatua ya 6: Funga geji na usome picha nzima

Kwanza, kosa la kuepuka. Wengi hufunga geji mashine ikiwa imezimwa, wakaona presha kubwa, wakasema gesi ipo ya kutosha. Presha ya mashine iliyozimwa hufuata joto la nje, si kiasi cha gesi. Kwenye digrii 30, R410A husoma karibu psi 260 (psi ni kipimo cha presha) na R22 karibu psi 158, iwe gesi ni nusu au kamili, mradi bado kuna majimaji ndani. Ni sawa na mtungi wa gesi ya kupikia: presha haikuambii umebaki nusu au robo.

Kipimo chenye maana ni cha mashine inayofanya kazi. Presha ya upande wa kunyonya kwa R410A mara nyingi huwa kati ya psi 110 na 140, R32 juu kidogo ya hapo, R22 kati ya 60 na 75. Lakini namba hiyo peke yake haikatai wala kukubali kitu. Pima pia joto la bomba nene karibu na valvu, kisha tafuta joto la ziada.

Inafanywa hivi. Tuseme R410A inasoma psi 118. Chati ya gesi inasema hapo huchemka kwenye digrii 4.4. Kipimajoto cha bomba kinasoma 12. Tofauti ni digrii 7.6, na hilo ndilo joto la ziada. Kati ya 5 na 12 kwa kawaida ni salama. Likiwa 20, koili ya ndani ina njaa ya gesi. Likiwa karibu na sifuri, majimaji yanarudi kwenye kompresa, na kompresa haiwezi kubana majimaji, huvunjika valvu.

Sasa unganisha dalili:

Kunyonya chini, ampea chini, joto la ziada kubwa: gesi imepungua. Nenda hatua ya 7.

Kunyonya chini, joto la ziada dogo, barafu kwenye bomba nene: hewa ya ndani haitoshi. Rudi kwenye chujio, feni na koili ya ndani. Usiongeze gesi.

Kunyonya chini, joto la ziada kubwa, lakini upande wa kusukuma uko kawaida au juu: kuna kuziba kwenye draya (kichujio cha unyevu kwenye njia ya gesi) au kapilari (kibomba chembamba kinachotanua gesi). Pita na mkono juu ya draya. Ikiwa mwisho wake ni baridi kuliko mwanzo, umeipata.

Kunyonya juu, kusukuma chini, ampea chini: kompresa inazunguka bila kusukuma, valvu zake zimechoka. Kwenye mashine zinazopasha joto pia, valvu ya kugeuza mwelekeo ikivuja ndani hutoa picha hiyo hiyo. Pima joto kwenye mabomba yake kabla ya kuilaumu kompresa.

Pande zote juu, ampea juu: gesi imezidi, au koili ya nje haitoi joto, au kuna hewa mle ndani. Hewa huacha alama yake: sindano ya geji hutikisika, na presha ya mashine iliyozimwa huwa juu ya ile chati inavyosema kwa joto la siku hiyo. Ndicho hutokea pale mtu anapofukuza hewa kwa kufyatua gesi kidogo kwenye nati badala ya kupiga vakyumu.

Viyoyozi vidogo vingi vina mdomo mmoja tu wa geji, upande wa kunyonya. Upande wa kusukuma utaukadiria kwa ampea na kwa joto la hewa inayotoka kwenye feni ya nje.

## Hatua ya 7: Tafuta panapovuja

Anza na macho. Gesi hutoka pamoja na mafuta, na mafuta hunasa vumbi. Nati moja ikiwa na duara jeusi lenye kunata wakati jirani yake ni safi, hapo pana kesi.

Halafu povu la sabuni: nati nne za shaba, ndani na nje, na kiini cha valvu ya kujazia. Povu la uvujaji mdogo halipuki kama mapovu ya watoto. Hukaa kama povu jeupe, laini, linaloongezeka taratibu. Lipe dakika mbili kila mahali.

Usisahau vifuniko vya shaba vya valvu. Hicho kifuniko ni kizibo halisi, na kiini kilicho chini yake mara nyingi huvujisha kidogo. Angalia pia bomba linalogusana na bati au bomba jenzake: mtikisiko hulila mpaka litoboke.

Ukikosa kwa njia hizi, presha ya naitrojeni kwenye hatua ya 9 itakuonyesha.

## Hatua ya 8: Toa gesi bila kuiachia hewani

Uvujaji ukiwa mdogo, ndani ya nyumba au kwenye nati, na bado kuna gesi, unaweza kuikusanya kwenye mashine ya nje. Washa kupooza, funga valvu ya bomba jembamba kwa alenki, tazama geji ikishuka, na inapokaribia psi 0 hadi 5 funga valvu ya bomba nene na ukate umeme mara moja.

Onyo kubwa: usifanye hivi kama kuna tundu la wazi au nati iliyolegea, wala usifungue nati yoyote kabla kompresa haijasimama. Kompresa itanyonya hewa, na hewa iliyochanganyika na mafuta ikibanwa mle ndani huwaka. Watu wamekufa kwa kompresa iliyopasuka namna hii. Geji ikikataa kushuka ndani ya dakika chache, zima na utumie mashine ya kuvunia.

Mashine ya kuvunia ndiyo njia ya kila hali nyingine. Mtungi usijazwe zaidi ya asilimia 80, na usichanganye gesi mbili. Kuifyatua hewani ni kosa kisheria katika nchi nyingi, na kuna sababu: kilo 1 ya R410A hupasha dunia joto kama tani 2 hivi za hewa ukaa.

## Hatua ya 9: Rekebisha, kisha jaza naitrojeni

Nati inayovuja haitengenezwi kwa kukazwa zaidi. Kata mdomo, parua kingo ukiinamisha bomba chini ili vipande vya shaba visiingie, panua upya, paka tone la mafuta ya gesi husika nyuma ya mdomo, kaza kwa spana ya torki. Bomba la robo inchi huchukua takriban Nm 14 hadi 17, la inchi 3/8 Nm 33 hadi 40, la nusu inchi Nm 50 hadi 60.

Ukichomelea, pitisha naitrojeni ya upepo mdogo ndani ya bomba muda wote. Bila hiyo, shaba hutoa magamba meusi ndani, na magamba hayo yataziba kapilari siku zijazo.

Kama kompresa imeungua, mafuta yake huwa meusi na hunuka vikali. Usifunge mpya juu ya uchafu huo. Safisha mabomba kwa naitrojeni na dawa yake, badilisha draya, na pima asidi ya mafuta. Kompresa mpya inayokufa ndani ya miezi michache mara nyingi imeuawa na asidi ya ile ya zamani.

Sasa jaza naitrojeni kupitia regyuleta hadi presha ya majaribio iliyo kwenye kitabu cha mashine, bila kuvuka kikomo cha kibao. Panda kwa awamu: psi 50, sikiliza, 150, piga povu, kisha juu. Andika presha na joto la nje, acha angalau saa moja, ikiwezekana hadi kesho yake. Ukiwa kwenye psi 450, kila digrii moja ya joto inayoshuka hushusha geji kwa psi 1.5 hivi, kwa hiyo usihangaike na kushuka kidogo jioni.

Imefaulu ikiwa: geji haijasogea baada ya kuhesabu tofauti ya joto.

## Hatua ya 10: Piga vakyumu kwa kipimo, si kwa saa

"Nimepiga nusu saa" si jibu. Pampu chakavu inaweza kufanya kazi nusu saa bila kutoa unyevu wowote. Geji za kawaida nazo hufika mwisho wa alama zake mapema sana na kubaki hapo. Kinachoona ukweli ni geji ya mikroni.

Unyevu ni adui mkubwa hasa kwa R410A na R32, kwa sababu mafuta yake hunyonya maji haraka na kutengeneza asidi. Vakyumu kali huyafanya maji yachemke kwenye joto la kawaida na kutoka kama mvuke.

Badilisha mafuta ya pampu. Tumia hozi fupi na nene, na kama unacho, toa kiini cha valvu kwa kifaa chake, njia itakuwa pana. Weka geji ya mikroni mbali na pampu. Shusha hadi mikroni 500 au chini, kisha funga njia ya pampu na utazame kwa dakika 10:

- ikipanda kidogo na kutulia chini ya 1,000, mfumo ni mkavu na umeziba
- ikipanda hadi 1,500 au 2,000 ikasimama, bado kuna unyevu. Ingiza naitrojeni kidogo, itoe, na uvute upya
- ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Rudi hatua ya 9

Usiitumie kompresa yenyewe kuvuta hewa, wala usiiwashe ikiwa kwenye vakyumu.

## Hatua ya 11: Jaza kwa mizani

Presha hubadilika kwa joto la nje, kwa unyevu, kwa kasi ya inveta. Gramu hazibadiliki. Ndiyo sababu nilisema chagua mizani. Fundi anayejaza mpaka bomba litoke jasho hajui ameweka kiasi gani, na kesho hali ya hewa ikibadilika, kazi yake inabadilika.

Soma uzito kwenye kibao na uongeze wa bomba la ziada. Mfano: kibao kinasema gramu 950 kwa bomba hadi mita 7.5, na gramu 20 kwa kila mita inayozidi. Bomba lako ni mita 12. Ziada ni mita 4.5, yaani gramu 90. Jumla 1,040, kwa mfumo usio na gesi yoyote ndani.

Weka mtungi kwenye mizani, toa hewa kwenye hozi, rudisha mizani sifuri. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, kwa hiyo itoke ikiwa majimaji: pindua mtungi juu chini, isipokuwa kama una bomba la ndani. Vakyumu itavuta sehemu kubwa mashine ikiwa imezimwa. Kilichobaki ingiza mashine ikizunguka, kwa kufungua valvu ya geji kidogo na kufunga, kidogo na kufunga, ili majimaji yasiingie kompresa kwa mkupuo.

Na usijaze juu ya gesi usiyoijua. R410A iliyovuja sana toa yote, uanze upya. Gesi mbili tofauti ndani ya mashine moja hazina chati, na hakuna atakayeweza kuipima tena.

## Hatua ya 12: Hakiki na ufunge

Acha mashine dakika 15 hadi 20. Rudia vipimo vya hatua ya 5 na 6: tofauti ya hewa, ampea zisizozidi kibao, joto la ziada kati ya digrii 5 na 12. Sikiliza kompresa: mlio mmoja ulionyooka, bila kugonga. Chomoa geji haraka, piga povu kwenye kiini cha valvu, kaza vifuniko vyote vya shaba, rudisha insulesheni kwenye mabomba yote mawili mpaka mwisho.

Ndani ya kifuniko cha mashine andika kwa kalamu isiyofutika: tarehe, aina ya gesi, gramu, presha ya kunyonya, ampea, tofauti ya joto la hewa, joto la nje siku hiyo. Rudi baada ya mwezi mmoja na upime ampea na tofauti ya joto la hewa tu, bila geji. Zikiwa zimeshuka chini ya ulizoandika huku koili ni safi na joto la nje linafanana, uvujaji ulikuwa zaidi ya mmoja: anza tena kwenye hatua ya 7, na safari hii fungua mashine ya ndani ukaguze koili yake yote.